Garimoshi la Shaba Mezani kwa Mama Honorine

Tulipotoka makaburini kumzika Mama Honorine, niliketi uani kwake pamoja na wanawake wa parokia, tukimenya vitunguu vya chakula cha msiba. Raymond, mwanawe aliyeishi Ubelgiji miaka mingi, alikuja akasimama nyuma yangu, ndevu zimejaa mvi, akaniwekea mkono begani. Aliwaambia wale mama, "Huyu ni dada yangu. Yee njo alinijengea treni." Wote waligeuka wakanitazama. Pale Likasi wananijua kama mama wa meno, fundi wa meno ya bandia, na nadhani nusu yao wangekula bukari ya msiba ule, ugali wetu, kwa meno yaliyotoka mikononi mwangu. Mmoja aliniuliza, "Treni gani, Tantine?" Nilisema ni habari ya mwaka mmoja, zamani kidogo, nikarudi kwenye vitunguu vyangu. Lakini tangu siku ile habari hiyo imekataa kuniacha, na sasa naona afadhali niiandike kama ilivyokuwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimemaliza masomo ya ualimu Mulungwishi, nikapewa darasa la pili katika shule moja ya mjini, na Papa Anaclet na Mama Honorine wakanikodisha chumba cha nyuma. Kilikuwa chumba cha kitanda, meza ndogo na msumari wa kutundikia nguo, dirisha likitazama mahali Mama alipokuwa akipikia. Kati yangu na sebule palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, hata kikohozi cha upande wa pili kilifika kwangu kizima. Papa Anaclet alikuwa dereva wa treni mstaafu. Alianza kazi akiwa kijana wa kutia makaa kwenye mashine za mvuke, akapanda mpaka akaziendesha, na zilipokufa akaendesha za mazuti, yaani dizeli, hadi mwisho. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye vidole vinene, na maneno machache yaliyotoka polepole. Mama Honorine alikuwa mwembamba na mwepesi, akipika munkoyo, kinywaji cha mahindi, wa kuuza na kuimba sauti ya juu katika kwaya, na kila kilichofanyika ndani ya nyumba ile kilifanyika kwa ruhusa yake, hata pale alipojifanya hakuona. Walinilisha kama mtoto wao. Jioni tulikula bukari na sombe, yaani kisamvu, au mchicha wa lengalenga na bitoyo, samaki wale wa chumvi ambao harufu yao ilikaa katika madaftari ya wanafunzi wangu mpaka kesho yake.

Kazi ya ualimu ilinishinda mapema. Si kwamba watoto walikuwa wabaya. Nilikuwa nikisimama mbele yao na sauti yangu inakufa kooni, nao walijua. Siku moja nikipita nje ya ofisi nilimsikia mkurugenzi wa shule akimwambia mwenzake, "Ule mademoiselle ni muntu muzuri, lakini sauti yake haifike hata ku banc ya pili." Alisema bila ubaya, kwa huruma hasa, na ndiyo maana iliniuma. Nilirudi nyumbani nikalala chali kitandani na viatu mguuni, nikitazama mabati ya dari, nikijiuliza nitaishi vipi miaka yote iliyobaki nikiwa mtu asiyefika benchi la pili.

Kifurushi cha Raymond kutoka Ubelgiji kilifika wakati wa mvua. Msafiri mmoja alikishusha Lubumbashi na dereva wa gari la abiria akakileta Likasi. Lilikuwa boksi la ukubwa wa boksi la viatu, zito kuliko lilivyoonekana. Papa Anaclet alilifungua mezani sisi watatu tukiwa tumeketi. Ndani mlikuwa na mabamba ya shaba ya njano, laiton kama tunavyoiita, membamba kama karatasi ngumu, yamechongwa maumbo madogo madogo yaliyoshikana na bamba kwa vijiti vyembamba. Mlikuwa pia na vipakiti vya magurudumu, mota ndogo, vipande viwili vya reli, na michoro mingi yenye maandishi ya lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua. Juu ya boksi palikuwa na picha ya garimoshi la mvuke, jeusi, likitoa moshi. Lilikuwa la kujengwa kipande kwa kipande, mpaka litoke dogo la kutosha kusimama juu ya sahani ya mviringo, na liwe na kila kitu kilichokuwa katika lile kubwa. Papa aliinua bamba moja, akalirudisha. "Njo nini hii," alisema, lakini si kwa kuuliza. Akafunga boksi, akalisukuma chini ya kabati.

Mchana wa kesho yake nilikuwa nimejilaza baada ya shule, nikawasikia kupitia ukuta. Mama alianza. "Miaka yote hii, mutoto eko natuma chuma. Hatume sura yake."

Nilimsikia Papa akikohoa.

"Weye njo ulimufukuza, Anaclet."

"Sikumufukuza. Nilimukatalia tu."

"Aliomba kazi ku reli kama baba yake. Neno moja yako ingetosha. Ulifunga kinywa. Akaenda."

Nilisikia kiti kikisogezwa, kisha mlango wa uani. Hapo ndipo nilipojua kwa nini katika nyumba ile jina la Raymond lilikuwa likitajwa na mtu mmoja tu.

Jumapili, baada ya misa, nilimwomba Papa aniruhusu kutazama yale mabamba. Alininyooshea kidole kabati, akaendelea na redio yake. Nilichukua bamba moja nikalipeleka dirishani. Kwenye mwanga niliona mistari ya ribiti, vitone vidogo kuliko mbegu za mchicha, vimepangwa sawasawa; niliona dirisha la kibanda cha dereva, na ukingo wake ulikuwa mwembamba kuliko ukucha wangu. Siwezi kueleza vizuri kilichonipata. Tangu nianze kufundisha kulikuwa na kelele fulani ndani yangu ambayo haikuzima hata usingizini, na pale dirishani ilizima. Niliomba mkasi. Papa alinyanyua kichwa. "Usikate na mikasi. Itapinda." Alikwenda chumbani akarudi na msumeno wa uzi mwembamba na tupa ndogo, akaviweka karibu na mkono wangu, akakaa kando. Baada ya kipande cha tatu alivuta kiti chake kikawa karibu na changu.

Ndivyo tulivyoanza. Tulifanya kazi mchana, kati ya saa ya shule na saa ya chakula, kwa sababu meza ilikuwa moja na ilikuwa ya Mama Honorine. Yeye alikuwa akipita nyuma yetu na ungo au sufuria, akisema hewani, "Meza ya bukari imekuwa atelier ya mafundi." Siku moja alikuta vumbi la shaba katika chumvi, akaimwaga yote mbele yetu, taratibu. Umeme ulikuwa ukikatika upendavyo, ingawa mabwawa ya umeme ya Koni hayako mbali nasi, na chuma cha kulehemu cha umeme tulichoazima kilikuwa kikipoa katikati ya kazi. Papa alitafuta kipande cha shaba nyekundu, akakitia mpini, akawa anakipasha moto kwenye mbabula ya makaa ambapo maharagwe ya Mama yalikuwa yakichemka. Nyumba ilinuka asidi ya kulehemu na maharagwe pamoja. Mpaka leo harufu ya asidi ile hunitia njaa.

Papa hakuwa mwalimu wa maneno. Alikuwa akinionyesha, ananiachia, anatazama. Nilipoharibu alifungua tena kwa moto tukaanza upya. Neno lake moja nimelirudia kwa kila kijana aliyepita katika chumba changu cha kazi: "Usikimbize moto. Paka moto ku chuma kwanza. Chuma yenyewe njo itaita soudure." Ni kweli. Bati la kulehemu, hiyo soudure, ukiliyeyusha juu ya shaba baridi linabaki tone, kama machozi, halishiki chochote. Shaba ikiwa tayari, bati hukimbia lenyewe kufuata mwanya, unaona mstari wa fedha unapita, na vipande viwili vimekuwa kimoja. Mara ya kwanza nilipouona mstari ule nilicheka peke yangu, na Mama alichungulia kutoka jikoni kuona nani amekuja.

Tulijenga fremu, tukatia magurudumu. Tulipofunga bele, ile mikono inayounganisha gurudumu na gurudumu, garimoshi lilikataa kuzunguka. Kila mzunguko lilikwama mahali pamoja. Papa alifunga macho akalizungusha kwa kidole akisikiliza, kama daktari, kisha akanionyesha tundu moja la kupanuliwa, nami nikalipanua kwa tupa nyembamba mpaka likapita laini. Boila tuliikunja kuzunguka mpini wa mwiko wa bukari, maana ndio ulikuwa na unene uliotakiwa. Mama alitukuta. Alitazama mwiko wake, akatazama lile bomba la njano linalong'aa, akasema, "Mukimaliza, muoshe." Nilijua siku ile kwamba hasira yake imeanza kuchoka.

Zikaja siku za bomba la moshi. Vipande vingine vya boksi lile havikuwa vya shaba; vilikuwa vya madini meupe laini, na bomba la moshi lilikuwa mojawapo. Papa alitaka kulifunga mwenyewe. Sikushangaa, ni kitu cha kwanza mtu anachokiona treni ikija. Alileta chuma chake kutoka kwenye mbabula, chekundu kwa ncha, kama tulivyozoea kwa shaba, akakigusisha. Bomba lilisimama kidogo, kisha likalala. Liliinama upande, likafumba mdomo, likateremka ubavuni mwa boila kama mshumaa. Papa aliweka chuma chini kwa uangalifu, akafuta mikono, akakusanya kila kitu akakirudisha katika boksi, hata tupa, na boksi hakulirudisha chini ya kabati bali chini ya kitanda chake. Kwa majuma kadhaa tulikula tukisikia vyombo tu. Nikisema "Papa, tunaweza kujaribu," alikuwa akinijibu, "Mwalimu, kula."

Katikati ya kimya kile ukaja ujumbe wa Raymond. Alipiga kwa jirani mwenye simu: angekuja wakati wa kiangazi. Mama alipiga vigelegele pale pale barabarani. Papa alipoambiwa aliuliza tu, "Ataona nini hapa?" na akaenda kulala mchana, jambo ambalo hakulizoea. Nikiwa nafua uani, Mama alinijia akachutama karibu na beseni langu, akachukua shati moja akaanza kulisuguasugua ingawa lilikuwa safi. "Espé," aliniambia, "ule muzee hatamuambia mutoto yake neno. Ninamujua. Hana kinywa ya kusema. Alikuwa anataka ile machine iseme mu nafasi yake." Akakamua shati. "Weye uko na mikono. Tafuta dawa."

Dawa niliitafuta kwa Monsieur Kalenga. Alikuwa fundi wa meno ya bandia mwenye chumba chake karibu na hospitali, mtu mfupi, mwenye koti jeupe lenye madoa ya waridi, na nilikuwa nimesikia kwamba anayeyusha madini akatengeneza jino zima. Rafu zake zilijaa taya za plasta, safu juu ya safu, kila moja na jina la mwenyewe kwa penseli. Nilimwonyesha lile bomba lililolala, ambalo Mama alinitolea chini ya kitanda cha Papa, nimelifunga katika kitambaa. Aliligeuza chini ya taa.

"Hii imekwisha. Haiponi," alisema. "Ilikuwa nini?"

"Bomba la moshi la treni, Monsieur."

"Ah, bon." Alisema kana kwamba watu humletea mabomba ya moshi kila wiki. "Lakini bomba na jino ni ndugu. Niletee umbo yake ya nta. Nitazika nta mu plasta, nitaipika mpaka nta itoke, mu shimo yake nitamwanga metali. Kama ni muzuri mu nta, itakuwa muzuri mu metali. Kama ni mubaya, itakuwa mubaya vilevile." Akanipa kipande cha nta ya waridi na kisu kidogo chenye ncha butu.

Sikumwambia Papa kitu. Kabla ya kwenda shule niliweka nta, kisu na lile bomba lililolala kando ya kikombe chake cha chai. Niliporudi alikuwa ameketi dirishani, miwani puani, chembe za nta zimemjaa mapajani. Aliitengeneza siku kadhaa, akiharibu na kuanza upya, akipasha kisu joto kwenye mbabula. Nilipoliona bomba la nta lililokamilika nilikwenda kuchukua mchoro, kwa maana halikufanana nao. La kwenye mchoro lilikuwa fupi, limenyooka. La Papa lilikuwa refu kidogo, jembamba kiunoni, na juu lilikuwa na ukingo uliotoka nje kama mdomo wa mtungi. "Papa, haifanani na ya kwenye karatasi."

"Ya karatasi ni treni yao kule," alisema. "Hii ni bomba ya machine yangu. Ile niliendesha wakati Raymond alizaliwa."

Monsieur Kalenga aliniacha nitazame kila hatua, na kwa baadhi aliniachia mikono. Tulipovunja plasta, bomba lilitoka limechafuka, jeusi, na nililisafisha kwa brashi mpaka ukingo ule wa mtungi ukaonekana. Alinitazama nikifanya kazi. Baadaye aliuliza nafundisha wapi, nikamwambia. "Unapenda?" Nilisema hapana, lilikuwa neno ambalo sikuwa nimelisema kwa mtu yeyote, na lilitoka bila shida, mbele ya taya zote zile zilizofumba. Alisema msaidizi wake alikwenda Kolwezi na hakurudi. Kama nitataka, mwaka wa shule ukiisha, kuna koti la pili nyuma ya mlango.

Niliwaambia Papa na Mama tukiwa tunakula. Mama aliacha tonge hewani. "Kuacha diplôme juu ya meno ya bantu?" Aliniorodheshea kila kitu: mwalimu huheshimiwa barabarani, mwalimu huitwa kwenye harusi, mwalimu huolewa. Nilisubiri Papa aseme naye. Alitafuna, akameza, akanywa maji. "Honorine, kijana ya zamani nilimukatalia, sikumuambia sababu. Huyu sitamukatalia." Mama alitia sombe zaidi kwenye sahani yangu, nyingi kuliko nilivyoweza kula, na nikazila zote.

Tulifunga bomba jipya, tukalipaka garimoshi rangi nyeusi, na Raymond alifika vumbi jekundu likiwa limekaa kwenye kila jani la mji. Nilitegemea kijana, alikuja mwanaume mwenye tumbo kidogo na masweta mengi mno. Mama alimshika uso kwa mikono miwili, hakumwachia mpaka maji ya kuoga yakapoa. Papa alimpa mkono. Wakauliziana habari za safari, za baridi ya kule, za ndugu waliokufa. Hapo Papa aliingia chumbani akatoka na ubao mrefu tulioupigilia zile reli mbili, akaulaza mezani. Juu yake aliliweka garimoshi, jeusi sasa, bele zake ziking'aa, akaunganisha nyaya kwenye betri za redio. Lilitetemeka, likasogea. Lilikwenda taratibu toka upande wa Mama hadi upande wa mlango, bele zikipanda na kushuka, bila kukwama hata mahali pamoja, likasimama mwisho wa ubao. Raymond alikuwa ameinama, macho usawa wa meza.

"Papa," alisema, "hii bomba haikukuwa mu boksi."

"Hapana. Ya boksi niliiua na moto. Hii niliichonga mwenyewe. Ni ya machine nilikuwa nayo ulipozaliwa."

Raymond aliligusa kwa ncha ya kidole. Kisha akauliza, bila kumtazama baba yake, "Sasa juu ya nini ulinikatalia reli? Niliwaza unanionea haya."

Nilitaka kuondoka, lakini chumba changu kilikuwa nyuma ya ukuta ule wa mbao, na kwenda huko kungekuwa sawa na kubaki. Papa alizima nyaya kwanza. Alizikunja. "Wakati ile tulikuwa tunaendesha treni na njaa mu tumbo," alisema. "Balikuwa hawatulipe. Mama yako alikuwa anauza munkoyo njo tukule. Ningekuingiza kule uje ukufe njaa pamoja na miye?"

"Ungeniambia."

"Baba anamuambia mutoto njaa yake?" Alisema kwa upole, kama mtu anayeuliza kweli. Kisha akasema tena, chini zaidi, "Ningekuambia. Ni kweli."

Raymond alifunika uso kwa mikono. Papa, ambaye sikuwahi kumwona akimgusa mtu, aliweka ule mkono wake mkubwa juu ya kisogo cha mwanawe akauacha hapo. Mama alitoka jikoni na sufuria mikononi, akasimama mlangoni akatazama kwa muda aliohitaji. "Muondoe ile kintu ku meza," alisema hatimaye. "Bukari inapoa." Na sauti yake ya kwaya ilikuwa imepasuka katikati.

Raymond alikaa nasi mwezi mzima. Mimi nilikuwa nimeanza kwa Monsieur Kalenga, narudi jioni na plasta kwenye nyusi, nawakuta wawili hao uani wakibishana juu ya mashine zilizokufa zamani. Siku ya kuondoka Raymond alilifunga garimoshi ndani ya sweta, akaliweka juu kabisa ya sanduku lake. Papa alikuwa amemruhusu. Alisema ni la mwenye kulinunua. Gari lilikuwa tayari barabarani likipiga honi. Mama Honorine alifungua sanduku mbele yetu sote, akatoa sweta, akalifungua, akalirudisha garimoshi juu ya kabati, na sweta akalikunja vizuri akampa mwanawe.

"Hii haitoke," alisema. "Ukitaka kuiona, unakuya."

Raymond alimtazama baba yake, na baba yake akatazama miti ya barabarani. Raymond akacheka, akamkumbatia mama yake, akapanda gari. Kiangazi kilichofuata alirudi, na mwingine baada ya huo, na kila mara, kabla hata hajaketi, Mama alikuwa akimsogezea kiti karibu na kabati.